Haki, Uadilifu na Kitabu cha Plato: Maoni Kuhusu Istilahi za Falsafa ya Siasa

1.0 Suala Lenyewe

Katika mihadhara na insha zetu, kitabu kikuu cha Plato huitwa Jamhuri, na mada yake hutajwa kuwa ni haki. Majina yote mawili yana kasoro. La kwanza limetufikia kwa njia ya Kiingereza, ambacho nacho kililipokea kutoka katika Kilatini. Kwa Kiyunani kitabu hicho kinaitwa Politeia, yaani utaratibu wa maisha ya raia katika mji wao, na ndani yake utawala wa umma umewekwa karibu na mkiani, ukizidiwa ubaya na utawala wa mabavu wa mtu mmoja tu. Msomaji anayekifungua akitarajia sifa za jamhuri atashangaa. Hata hivyo, mshangao huo hauna madhara makubwa. Mwalimu anaweza kuuondoa kwa dakika tano. Kasoro ya pili haiondoki kwa dakika tano, kwa sababu imejificha ndani ya neno ambalo kila mmoja wetu anaamini kwamba analielewa.

Neno la Kiyunani linalobeba mjadala mzima wa kitabu hicho ni dikaiosyne. Maoni yangu ni kwamba neno la Kiswahili linaloweza kuubeba mjadala huo ni uadilifu, na kwamba haki yafaa iachiwe kazi nyingine ambayo inaimudu vizuri zaidi. Suala hili haliwahusu watunga istilahi peke yao. Anayesoma Plato kwa neno haki humwuliza maswali ambayo Plato hakukusudia kuyajibu, humwona ameshindwa kuyajibu, kisha hukifunga kitabu bila kulisikia swali ambalo kitabu kinamwuliza yeye.

2.0 Nyumbani kwa Cephalus

Mazungumzo yanafanyika Piraeus, bandari ya Athens, katika nyumba ya Polemarchus. Baba yake, mzee Cephalus, ni mgeni mkazi mwenye utajiri. Socrates anamwuliza ni faida gani kubwa aliyoipata kutokana na mali yake. Mzee anajibu kwamba mali humwezesha mtu kuondoka duniani bila kuwa amemdanganya yeyote, na bila kuacha deni, liwe la sadaka kwa miungu au la fedha kwa wanadamu. Socrates anaidaka kauli hiyo na kuigeuza fasili: basi dikaiosyne ni kusema kweli na kurudisha ulichopewa. Papo hapo anaivunja. Rafiki ameweka silaha yake kwako amana akiwa na akili timamu, kisha anakuja kuidai akiwa amerukwa na akili. Je, utamrudishia? Na utamwambia kweli yote?

Tulitazame sasa neno haki. Kiswahili kililipata kutoka katika Kiarabu, ambamo haqq ni kweli na pia ni kile anachostahili mtu. Maana zote mbili zimehamia kwetu. Ya pili ndiyo ya kila siku: haki yangu, mpe haki yake, amedhulumiwa haki yake. Ya kwanza imebaki katika hakika, katika uhakiki ambao sisi wa idara za Kiswahili tunauishi, na katika kiapo cha mitaani, “Haki ya Mungu!” Kwa hiyo anayeuliza kwa Kiswahili “haki ni nini?” amekwisha kujibiwa na neno lenyewe. Haki ni kweli, na haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Hilo ndilo jibu la Cephalus. Mfasiri anayeandika haki tangu ukurasa wa kwanza anakuwa ameipokea kimyakimya fasili ambayo Socrates ataikataa mzee akiwa bado yumo chumbani.

Mtu anaweza kusema kwamba hilo si baya. Mwanafunzi aanze na fasili ya Cephalus, kisha aone inavyovunjwa. Ningekubali kama tatizo lingeishia katika sehemu ya kwanza ya kitabu. Haliishii hapo. Thrasymachus anapodai kwamba la haki ni lile linalomfaa mwenye nguvu, neno letu linamtosha kabisa, na wala hahitaji kufafanuliwa, kwani wazee wetu wamekwisha kusema “mwenye nguvu mpishe.” Lakini baada yake anasimama Glaucon na kisa cha mchungaji aliyepata pete inayomfanya mtu asionekane. Kwa pete hiyo mchungaji alimlaghai malkia, akamwua mfalme na kutwaa ufalme. Glaucon anataka kujua ikiwa kuna mtu ambaye angeivaa pete hiyo na kubaki vilevile alivyokuwa.

Kwa neno haki swali la Glaucon halisikiki. Haki iliyovunjwa na mwenye pete ni ya mfalme aliyeuawa na ya raia walionyang'anywa, na hakuna anayelibishia hilo. Glaucon hakuuliza wao wamepoteza nini. Anauliza mwenye pete amepoteza nini, yeye ambaye hakuonekana, hakukamatwa na sasa anakaa katika kiti cha enzi. Tukiweka uadilifu, swali linasimama lenyewe: mwadilifu akipewa pete hiyo, atabaki mwadilifu? Na asipobaki, je, alikuwa mwadilifu tangu mwanzo, au alikuwa mtu anayeonekana tu?

Jaribio la mwisho limo katika sehemu ya nne ya kitabu, pale Plato anapotoa jibu lake. Anaigawa nafsi katika akili, hamaki na tamaa, kisha anasema kwamba dikaiosyne ni kila sehemu kufanya kazi yake, akili ikitawala na hamaki ikiisaidia kuizuia tamaa. Hebu tuandike: “Haki ni akili kuitawala tamaa ndani ya mtu.” Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili atasema kwamba sentensi hiyo ina kosa, na hatakuwa na maana ya kosa la falsafa, atakuwa na maana kwamba neno limekosewa. Tukiandika: “Uadilifu ni akili kuitawala tamaa ndani ya mtu,” anaweza kukubali au kukataa, lakini ataanza kubishana na Plato badala ya kubishana na mfasiri.

Kuna jambo jingine kuhusu nyumba hiyo, ambalo wasomaji wa kwanza wa Plato walilijua ingawa kitabu hakilisemi. Mwaka 404 K.K., baada ya Athens kushindwa vitani, mji ulitwaliwa na watu thelathini wenye mali waliotawala kwa vitisho. Waliwageukia wageni wakazi matajiri. Karakana ya ngao ya watoto wa Cephalus ilinyakuliwa, na Polemarchus, yule yule mwenyeji wa mazungumzo, alilazimishwa kunywa sumu bila ya kusomewa shtaka lolote. Ndugu yake Lysias alitoroka, na hotuba aliyoitoa baadaye kumshtaki mmoja wa wale thelathini ingalipo hadi leo. Kiongozi wao mkubwa, Critias, alikuwa jamaa wa mama yake Plato. Utawala huo ulianguka mwaka uliofuata na demokrasia ikarudi. Mwaka 399 K.K. demokrasia hiyo ilimshtaki Socrates mbele ya mamia ya raia waliokula kiapo, ikamsikiliza, ikapiga kura, ikamhukumu kunywa sumu ile ile.

Kwa hiyo Plato aliandika akiwa na maiti mbili mbele yake, mmoja ameuawa bila mahakama na mwingine kwa mahakama iliyokamilisha kila hatua. Kama swali lake lingekuwa la haki tu, kesi ya Polemarchus ingetosha, na jibu lingekuwa jepesi: warudishieni watu mahakama. Mahakama ilikuwa imekwisha kurudi. Ndiyo maana anahama kutoka katika kile mtu anachostahili kupewa hadi katika namna nafsi ya mtu, na ya mji mzima, inavyotakiwa kuwa. Mfasiri asiyeonyesha kuhama huko amefasiri kitabu kingine.

3.0 Maneno Yaliyokwisha Kupita Njia Hii

Si mara ya kwanza kwa maneno haya kukutana na Plato. Wafasiri wa Baghdad wa karne ya 9 walipoingiza falsafa ya Kiyunani katika Kiarabu, mzizi walioutegemea kwa dikaiosyne ulikuwa ule wa 'adl, ambao umetupa adili, uadilifu na maadili. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika juu ya mji ulio bora kwa istilahi hizo, na katika karne ya 12 Ibn Rushd aliandika sherehe ya kitabu hiki cha Plato kwa kuwa kitabu cha Aristotle juu ya siasa hakikuwa kimemfikia. Asili ya Kiarabu ya sherehe hiyo imepotea. Imesalia tafsiri yake ya Kiebrania. Hivyo tunapochagua uadilifu hatubuni kitu. Tunaliita neno lirudi katika kazi ambayo mzizi wake uliwahi kuifanya miaka elfu moja na zaidi iliyopita.

Hata hivyo, historia ya neno haimfungi mfasiri mikono. Mfano mzuri ni fadhila. Wafasiri hao hao walilitumia neno fadila kwa arete ya Kiyunani, yaani ule ubora unaokifanya kitu kiifanye kazi yake vizuri, na mji bora wa al-Farabi unaitwa kwa neno la mzizi huo. Lakini katika Kiswahili fadhila imekwenda njia yake. Kwetu ni hisani anayotendewa mtu, hisani inayodai shukrani na mara nyingi haiipati, ndiyo maana tunasema “fadhila ya punda ni mateke.” Anayeandika leo kwamba Aristotle alifundisha juu ya fadhila atamfanya mwanafunzi adhani kwamba somo ni la ukarimu. Kwa arete mimi nachagua wema, japo najua wapo watakaosema kwamba wema nao ni upole tu. Hawajaisikiliza vizuri methali ya “chema chajiuza, kibaya chajitembeza.” Chema hapa ni bidhaa: ni mkeka, ni chungu, ni kisu. Kiswahili kimehifadhi ule upana ambao Kiyunani kilikuwa nao, wa kuusema wema wa kisu na wema wa mtu kwa neno moja, na Aristotle asingeomba zaidi. (Machiavelli ni habari nyingine. Ile virtù yake ni uhodari wa mtawala katika kuikabili bahati, na anayeifasiri kuwa wema amemsingizia mtu ambaye hakuwahi kujifanya mwema.)

Kwa uadilifu tuna ushahidi wa sarufi pia. Kutokana na adili tunapata mwadilifu, yaani tunapata mtu. Kutokana na haki hatupati mtu wa namna hiyo, hakuna “mhaki.” Haki huwa na mwenyewe, hudaiwa, hutolewa, hupotea. Shaaban Robert alipotaka jina la kumpa shujaa wa Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, alikwenda katika mzizi huu, kwa sababu alitafuta sifa inayokaa ndani ya mtu.

Pingamizi zito ninalolijua linatoka katika Biblia. Katika Agano Jipya la Kiswahili, dikaiosyne ya Paulo na ya Mathayo ni haki, na vizazi vya Wakristo vimekua vikisikia juu ya mwenye haki na juu ya kuhesabiwa haki, vikiwa na maana ya mtu mnyofu mbele ya Mungu. Je, si neno hilo limekwisha kupata maana ya ndani tunayoitafuta? Nakiri kwamba limeipata, lakini ndani ya kanisa. Mwenye haki kanisani ni mtu mnyofu; mwenye haki mahakamani ni mtu anayestahili shamba analolidai, na anaweza kuwa mlevi na mwongo. Mtu huyo huyo anaweza kuwa na haki barazani Jumatatu na kukosa haki kanisani Jumapili. Mshairi angeufurahia utata huo, lakini mfasiri wa falsafa, ambaye kazi yake ni kumwonyesha msomaji neno linapobadili maana na lisipobadili, hawezi kuubeba.

Ninachopendekeza kina gharama, nami sitaificha. Kiyunani kina to dikaion, jambo la haki, na dikaiosyne, sifa ya mtu au mji, na yote mawili yana shina moja. Thrasymachus anaanzia kwa la kwanza, Socrates anamvuta hadi kwa la pili, na msomaji wa Kiyunani huona kwa macho kwamba wanazungumza juu ya kitu kimoja. Tukiandika la haki kwa la kwanza na uadilifu kwa la pili, tunatenganisha ndugu wawili. Mfasiri itambidi aseme katika dibaji yake kwamba ni ndugu. Afadhali maelezo ya dibaji kuliko kosa linaloendelea kwa kurasa mia tatu.

4.0 Kazi ya Haki

Haki inabaki na shamba kubwa la kulima. Aristotle mwenyewe, katika sehemu ya tano ya maadili yake yanayoitwa ya Nicomachus, aliona kwamba neno la Kiyunani lina maana mbili: wema wote wa mtu kwa kadiri unavyowahusu wengine, na ile maana ndogo ya kutotwaa zaidi ya fungu lako, iwe katika mgawanyo wa heshima na mali au katika kurekebisha madhara. Ya kwanza ni uadilifu, ya pili ni haki. Kiswahili kinampa Aristotle maneno mawili mahali ambapo Kiyunani kilimpa moja tu akalazimika kueleza.

Baada ya hapo falsafa ya Magharibi inahamia katika haki. Kwa Hobbes, mwaka 1651, kabla ya kuwapo mamlaka ya kuwatisha wote hakuna la haki wala la dhuluma, na haki ya asili ya mtu ni uhuru wa kufanya lolote ili aishi. Kwa Locke serikali ipo ili kulinda uhai, uhuru na mali, na isipovilinda watu wanaweza kuiondoa. Rawls, mwaka 1971, anauliza ni kanuni zipi za mgawanyo ambazo watu wangezikubali kama wasingejua ni nani kati yao atazaliwa tajiri na nani maskini. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayehitaji kwanza kujua kama mpishi wa serikali anaitawala tamaa yake. Wanajenga nyumba ambayo hata mpishi mwenye tamaa hataweza kuibomoa, au ndivyo wanavyotumaini.

5.0 Masharti ya Viongozi

Tofauti ya maneno haya mawili imepita katika siasa za Tanzania kwa namna ambayo mwanafunzi anaweza kuishika mkononi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kuwa wakurugenzi wa makampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi na kuwa na nyumba za kupangisha. Sidai kwamba masharti hayo yalinakiliwa kutoka mahali popote. Lakini anayeyasoma kando ya mwisho wa sehemu ya tatu ya kitabu cha Plato, pale walinzi wa mji wanapokatazwa kumiliki nyumba, ghala, dhahabu na fedha ili wasigeuke kuwa mabwana wa raia, atatambua kwamba swali ni lile lile. Ni swali la uadilifu: mtawala awe mtu wa namna gani? Mwaka 1984 Katiba ilipata sehemu ya haki za binadamu. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti ya Arusha yalilegezwa na chama tawala. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo inamtaka kiongozi atangaze mali yake. Haisemi kwamba asiwe nayo.

Haki iliingia wakati uadilifu ukielekea mlango wa kutokea. Sisemi kwamba moja ilimfukuza mwenzake. Nasema kwamba taifa lililoitumia haki kwa mambo yote mawili lisingeweza hata kuuona mpishano huo, wala kujiuliza kama kutangaza mali kunaweza kufanya kazi ambayo Plato hakuamini kwamba ingefanyika bila kuikataza kabisa. Aristotle angetuonya hapa kwamba kinachomilikiwa na wote hutunzwa na wachache, na onyo lake nalo lina mifano ya kutosha katika historia yetu.

Wala asidhani mtu kwamba kumpa Plato neno lake halisi ni kumtetea. Karl Popper, mwaka 1945, alimshtaki kuwa baba wa tawala za kiimla, na neno uadilifu linaufanya ushahidi dhidi yake uonekane wazi zaidi. Katika mji wa Plato mshona viatu ni mwadilifu akishona viatu na kunyamaza. Hana haki ya kusema hapana, kwa maana mwandishi hakulihitaji neno hilo. Neno haki likitapakaa kurasa zote, pengo hilo huzibwa na tafsiri; msomaji huliona neno na kuamini kwamba kitu chenyewe kipo.

Ushahidi mzito kuliko wote umo katika sehemu ya tatu, pale Socrates anapotafuta hadithi itakayowafanya raia wakubali nafasi zao: kwamba walifinyangwa chini ya ardhi, na kwamba Mungu alichanganya dhahabu katika nafsi za watawala, fedha katika wasaidizi wao, chuma na shaba katika wakulima na mafundi. Plato anaiita hadithi hiyo gennaion pseudos. Wapo wanaopendelea kuandika kisasili au hekaya, kumsitiri mwanafalsafa aliyesifu kweli kuliko wote. Pseudos hapa ni uongo, na yatupasa tuandike uongo. Kuhusu gennaion, maana yake ya kwanza ni mtu aliyezaliwa katika ukoo bora, na baadaye ndipo likawa neno la tabia njema. Pwani yetu ina neno lenye historia hiyo hiyo, lililoanza kwa kumtenga aliyezaliwa huru na mtumwa kabla halijawa sifa ya adabu. Ni uongo wa kiungwana, na unahusu hasa nani azaliwe mwungwana na nani asizaliwe.